Rimasta ya Jazi: Ipime Kabla ya Kulipa

Tarehe 2 Machi 1959, kwenye studio ya kampuni ya rekodi ya Columbia ya Mtaa wa 30 jijini New York, mpiga tarumbeta Miles Davis na wenzake walirekodi nyimbo tatu huku mashine mbili za kunasa sauti zikizunguka kwa pamoja. Moja ilikuwa inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa, na kanda ya mashine hiyo mbovu ndiyo iliyokwenda kutengenezewa santuri. Ilipochezwa kwenye mashine nzima, muziki ukatoka haraka kidogo na noti zikapanda juu ya mahali pake. Hivyo ndivyo upande wa kwanza wa albamu yao Kind of Blue ulivyouzwa duniani kwa zaidi ya miaka 30. Ilipofika 1992 ndipo likatoka toleo la CD ya dhahabu lililotumia kanda ya akiba, ile ya mashine nzima, na wimbo wake wa kwanza, "So What", ukarudi kwenye kasi uliopigwa studioni.

Rimasta ya namna hiyo, yaani rekodi ya zamani iliyotayarishwa sauti yake upya ili itolewe tena, ina kazi. Kuna kosa, mtu kalitafuta, kalirekebisha. Lakini kuna rimasta nyingine ambayo fundi amechukua CD ya zamani, akapandisha sauti hadi juu ya dari, akabadilisha jalada. Neno linaloandikwa juu ya zote mbili ni lilelile, na bei huenda ikawa ileile. Hapa chini ni namna ninavyozitofautisha mimi. Huhitaji mitambo: simu, hedifoni nzuri kiasi, kompyuta kama ipo, na mtu mmoja wa nyumbani mwenye subira.

Hatua ya 1: Wimbo mmoja, matoleo mawili

Usianze na albamu nzima. Chagua wimbo unaoujua hadi pale mpiga saksofoni anapovuta pumzi. Uwe na besi, uwe na toazi, na uwe na sehemu ambapo vyombo vinanyamaza kikabaki kimoja. Mimi hutumia "So What" na ndiyo nitakayoendelea nayo.

Ukiyapata matoleo mawili kwenye programu ya kusikilizia muziki, usiuamini mwaka unaoonekana juu. Mara nyingi ni mwaka albamu ilipotoka mara ya kwanza. Shuka hadi chini ya ukurasa, kwenye maandishi madogo ya haki za kurekodi, uone kama kuna mwaka mwingine. Zima ikwalaiza na madoido yote ya sauti ambayo simu imejiwekea yenyewe. Weka ubora wa juu kabisa. Bando litalia, lakini ni wimbo mmoja.

Hatua ya 2: Sawazisha sauti, kisha ufumbwe macho

Hatua hii watu huiruka, na ukiiruka hizi nyingine zote ni kupoteza muda.

Sikio lina udhaifu wake. Ukipewa sauti mbili zinazofanana, moja ikiwa juu kwa desibeli moja tu, huwezi kusema "hii iko juu". Utasema hii ni safi zaidi, ina besi, ina uhai. Sababu ni kwamba sauti ikishuka, sikio hupoteza kwanza vitu vya chini kabisa na vya juu kabisa, ikipanda, vinarudi. Kwa hiyo toleo lililopandishwa sauti litashinda kila shindano lisilosawazishwa, hata kama limeharibiwa.

Pakua programu ya kupima desibeli kwenye simu. Iweke mezani mahali kichwa chako kinapokuwa, usiisogeze. Cheza sekunde 30 za toleo la kwanza, andika wastani. Cheza sekunde zilezile za toleo la pili, shusha au pandisha sauti hadi namba zilingane. Kama unatumia hedifoni, bana simu ya kupimia kwenye mto wa hedifoni kwa namna ileile mara zote mbili. Tofauti ikishuka chini ya nusu desibeli unaweza kuanza. Programu nyingi za muziki zina sehemu ya kusawazisha sauti za nyimbo; kwa jaribio hili iache iwake, inakusaidia.

Sasa mwite mtu. Kwangu ni binti yangu, na malipo yake ni soda. Anarusha sarafu, anacheza toleo moja bila kusema ni lipi, mimi nataja, yeye anaandika. Mara kumi. Anayebahatisha tu kwa kawaida atapata tano hivi. Kufikisha tisa au zaidi kwa bahati hutokea kama mara moja katika kila mia.

Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilikuwa na toleo la bei ya juu ambalo nilikuwa nimewasifia marafiki kwa wiki nzima. Nikapata tano. Binti akauliza kama soda bado ipo.

Hatua ya 3: Msubiri Jimmy Cobb

"So What" inaanza na piano na besi zikinong'ona, halafu besi ya Paul Chambers inauliza na wenzake wanaitikia kwa noti mbili, kama maneno mawili. Kama dakika moja na nusu hivi ndani, Miles anaingia na solo yake, na hapohapo mpiga ngoma Jimmy Cobb anapiga toazi moja kubwa. Rudia sekunde hizo mara nyingi kadiri unavyoweza.

Sikiliza kwanza pigo lenyewe. Unasikia fimbo ikigonga chuma kisha chuma kikifunguka, au unasikia "tshaa" moja ya bapa? Halafu fuata mkia. Toazi lile linaning'inia hewani kwa muda mrefu, linafifia taratibu nyuma ya tarumbeta. Kwenye toleo lililobanwa, yaani lililopunguzwa tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa, mkia haufifii vizuri, na kibaya zaidi, vyombo vingine vinazama pigo linapokuja na kuibuka tena linapopungua, kama mtu anayepunguza redio mgeni akibisha hodi, kisha anaipandisha mgeni akiondoka. Ukilisikia hilo mara moja hutaacha kulisikia.

Halafu kuna lile vumo la "shhh" nyuma ya muziki. Ni sauti ya kanda yenyewe, na wengi hudhani ni kasoro. Mimi likiwepo nafarijika. Vumo la kanda linakaa kwenye sauti za juu, nyumba moja na toazi na pumzi ya mpulizaji, na programu za kusafisha hazijui vizuri nani ni mpangaji na nani ni mvamizi. Anayelifukuza lote huondoka na vyote: toazi linabaki kama karatasi inayokunjwa ndani ya maji. Sikiliza sekunde za mwisho za wimbo. Vumo likikatika ghafla kabla noti ya mwisho haijaisha, kuna mtu kafagia mno.

Mwisho, mahali pa vyombo. Kwenye stirio ya Kind of Blue, saksofoni ya John Coltrane iko kushoto, ya Cannonball Adderley kulia, Miles katikati. Vikiwa vimehama au vimesongamana katikati, jiulize kwa nini.

Kuna kipimo kingine ambacho sisi wasemaji wa Kiswahili tunacho na wasikilizaji wengi wa jazi hawana. Mpiga piano Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Tanganyika kupata uhuru, na mwanzoni mwa albamu Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, anasoma kwa Kiswahili maneno ya mshairi Langston Hughes. Sikio husamehe toazi lililoharibika kuliko linavyosamehe lugha ya nyumbani. Funga macho usikilize konsonanti: "s" inachoma? "h" imemezwa? Anasikika mtu aliyesimama chumbani, au sauti ya kipaza sauti cha stendi? Ukimaliza na msomaji, tayari unajua uiamini kiasi gani hiyo nakala.

Hatua ya 4: Gusa piano

Hii ni ya Kind of Blue tu na ni ya dakika mbili. Fungua programu yoyote ya piano kwenye simu. "So What" imejengwa juu ya re. Sehemu ya katikati inapanda nusu toni kisha inarudi. Piga re ya simu wakati besi inapotua pale. Zikikaa pamoja, una toleo lililorekebishwa. Zikigombana, simu ikisikika chini ya santuri, una kanda ya mashine mbovu. Kuhakikisha kwamba si kicheza santuri chako kinachokimbia, cheza "All Blues" ya upande wa pili, iliyojengwa juu ya sol. Ilirekodiwa tarehe 22 Aprili, mashine zikiwa nzima, kwa hiyo inapaswa kukubaliana na piano.

Hatua ya 5: Uliza kanda imetoka wapi

Masikio yakishafanya kazi, soma jalada. Toleo lililofanywa kwa uangalifu hujisifu kwa mambo mahususi: kanda ipi, nani kaishughulikia, studio gani, kiwanda gani. Lisilo na cha kusema huandika "sauti safi ya kisasa" na kunyamaza.

Kuna kanda mama, iliyokuwa ikizunguka wanamuziki wakipiga, na kuna nakala zake. Kila nakala ya analogi huongeza vumo na kupoteza kidogo, kama fotokopi ya fotokopi. Ukiona maneno "kanda halisi za analogi" bila neno "mama" wala "za kwanza", soma tena. Nakala ya nakala nayo ni kanda ya analogi.

Hapa pia utenganishe kurimasta na kumiksi upya, yaani kuchanganya upya sauti za vyombo. Columbia walinasa Kind of Blue kwenye njia tatu za sauti zilizo sambamba ndani ya kanda moja, hivyo anayerudi kwenye kanda hiyo lazima achanganye upya kabla ya kufanya lolote, na ana uhuru mkubwa wa kubadili sura ya muziki. Rudy Van Gelder, aliyerekodi albamu nyingi za lebo ya jazi ya Blue Note, alichanganya palepale wanamuziki wakipiga na kunasa matokeo moja kwa moja. Mwanzoni alifanya hivyo sebuleni kwa wazazi wake, Hackensack, New Jersey. Kuanzia 1959 katika studio yake ya Englewood Cliffs. Kanda zake hazichanganyiki tena. Fundi wa leo anaweza kuongeza au kupunguza besi na sauti za juu, basi. Piano ikisikika imejikunyata kama iko ndani ya sanduku, ndivyo ilivyonaswa, na asikuambie mtu kwamba rimasta yake imelifungua sanduku.

Utasema: basi si heri kila kitu akifanye Van Gelder mwenyewe? Alifanya. Kuanzia 1999 Blue Note ilitoa mfululizo wa CD alizorimasta yeye, zenye herufi za jina lake RVG. Wapo wanaozipenda na wapo wengi wanaozilalamikia kwamba zinachoma juu na stirio yake imebanwa. Mimi niko kati; kwenye spika ndogo zinapendeza, kwenye hedifoni nachoka baada ya nyimbo tatu. Tangu 2019 lebo hiyo ina mfululizo wa santuri uitwao Tone Poet, unaosimamiwa na Joe Harley na kukatwa, yaani kuchongwa mfereji wake, na Kevin Gray kutoka kwenye kanda mama. Ni ghali. Kuna mwingine, Classic Vinyl, unaokatwa na Gray huyohuyo kwa bei ya chini zaidi, na kwa mtu anayelipa ushuru wa mzigo bandarini ningeanzia huko.

Jihadhari na lebo ndogondogo za Ulaya. Sheria ya huko ililinda rekodi kwa miaka 50, na ilipoongezwa hadi 70 mwaka 2013, zilizokuwa zimeshaisha muda hazikurudishwa. Kwa hiyo jazi iliyotoka kabla ya 1963 mtu yeyote kule anaweza kuiuza, lakini kanda mama bado iko kwenye ghala la mwenyewe. Asiye na kanda atatoa wapi sauti? Kwenye CD, au kwenye santuri ya zamani. Niliwahi kununua moja: gramu 180, jalada linang'aa, karatasi nene. Ndani ilikuwa CD ya miaka ya tisini iliyokandamizwa kwenye plastiki, na upande wa pili umetobolewa nje ya kitovu hivi kwamba piano ilikuwa inayumba kama mlevi. CD yenyewe ningeipata kwa robo ya bei.

Lakini si kila kisichotoka kwenye kanda mama ni utapeli. Albamu ya Coltrane iliyorekodiwa Machi 1963 na kutolewa 2018, Both Directions at Once, ilitoka kwenye kanda ndogo ya mono, yaani ya sauti ya njia moja tu, aliyokuwa amempa mkewe Naima. Bila hiyo tusingekuwa na kitu. Kwa rekodi za miaka ya 1920, za Louis Armstrong na wenzake, chanzo ni santuri za zamani za kuzungusha kwa kasi ya 78, na kazi yote ni kupata nakala isiyochakaa na sindano ya ukubwa unaofaa mfereji wake. Mwingereza John R. T. Davies, aliyefariki 2004, alijijengea heshima kwa kazi hiyo. Alijua mikwaruzo ipi aiondoe na ipi aiache.

Na usiwe mtumwa wa neno "analogi". Mwaka 2022 ilibainika kwamba Mobile Fidelity, kampuni ya santuri ya Marekani, ambayo wanunuzi wake waliamini haigusi dijitali, ilikuwa imepitisha kanda nyingi kwenye dijitali kwa miaka kadhaa. Watu walikasirika, kesi zikafunguliwa. Mimi nilichojifunza ni kwamba waliokuwa wakiapa kuwa wataisikia dijitali popote ilipo walikuwa wamezisikiliza santuri zile kwa miaka bila kugundua. Walidanganywa, ndiyo, na hasira yao ni ya haki. Ila santuri zilisikika vizuri kabla ya habari na baada ya habari.

Hatua ya 6: Tazama wimbi

Ukiwa na faili kwenye kompyuta, lifungue kwa Audacity, ni ya bure. Muziki wa jazi uliohifadhiwa vizuri una umbo la mgongo wa samaki: mwili mwembamba, miiba inayochomoza pale ngoma inapopigwa. Uliobanwa ni tofali. Ukiona tofali kwenye bendi ya watu sita wanaopiga kwa utulivu, huna haja ya kuendelea.

Kuna pia programu zinazotoa namba ya DR, yaani nafasi kati ya wastani wa sauti na vilele vyake. Jazi ya akustika ikipata 12 au zaidi sina neno; ikishuka hadi 8 naanza kushuku. Lakini usizilinganishe namba za CD na za faili lililonakiliwa kutoka santuri, kwa sababu santuri hupandisha namba hiyo hata ikitoka kwenye masta ileile.

Ukinunua faili za ubora wa juu, tazama spektramu, yaani picha inayoonyesha sauti kuanzia za chini hadi za juu. Sauti ikikatwa wima kama kwa kisu kwenye kilohezi 16, huenda mtu kakuuzia MP3 iliyovishwa koti. Faili la kilohezi 96 lisilo na chochote juu ya 22, hata vumo la kanda, inaelekea ni CD iliyotiwa maji.

Hatua ya 7: Kama ni santuri

Uzito wa gramu 180 hauongezi sauti; unaongeza gharama ya posta. Tazama eneo tupu kati ya wimbo wa mwisho na karatasi ya katikati. Kwenye Blue Note za zamani utakuta jina la Van Gelder au RVG, na kwa zilizokandamizwa kabla ya 1966 alama inayofanana na sikio, au herufi P ya mkono, ya kiwanda cha Plastylite. Kwenye matoleo mapya tafuta herufi za aliyekata. Pasipo na chochote zaidi ya namba, rudi hatua ya 5.

Ioshe kabla ya kuihukumu, hata ikiwa mpya. Kisha cheza piano yenye noti ndefu. Ikiyumba kila mzunguko, tundu halipo katikati, irudishe. Na ukiona neno stirio kwenye muziki uliorekodiwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, iache dukani: ni mono iliyopasuliwa kwa vichujio, besi upande huu, sauti za juu upande ule. Mono yenyewe ni bora mara kumi.

Waliofika hapa wakitafuta Morogoro Jazz au Western Jazz: hao ni muziki wa dansi, jina tu ndilo la jazi, lakini hatua ni hizihizi isipokuwa ya nne na ya tano. Matoleo mengi ya nyimbo zile yamenakiliwa kutoka kwenye santuri ndogo za 45 zenyewe, kwa hiyo mikwaruzo kidogo ivumilie, na toleo lisilo na mkwaruzo hata mmoja ndilo la kulikagua kwanza, ukianza na gitaa la solo na herufi "s" za mwimbaji.